Daktari Robert Koch na Maji ya Mji

Wengi wetu twalijua jina la Robert Koch kwa ajili ya kifua kikuu, ugonjwa ambao alitangaza kijidudu chake mwaka 1882. Wachache wajua kwamba bwana huyu alipata kukaa Kwai, katika milima yetu ya Usambara, mwaka 1898, wakati wa utawala wa Wajerumani. Huko alisikia kuwa homa huwapata watu wateremkao nyikani, na kwamba Wasambaa waliiita homa hiyo mbu, sawasawa na mdudu mwenyewe. Wazee wetu hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa karibu sana na ukweli.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Alikuwa daktari wa wilaya tu alipoanza kuchunguza kimeta nyumbani kwake. Mwaka 1884 alikiona kijidudu cha kipindupindu katika bwawa moja la Calcutta, Bara Hindi, ambamo watu walioga, wakafua nguo, na wakachota maji ya kunywa.

Kazi yake ninayoistaajabia zaidi ni ile ya Hamburg. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji huo, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Jirani yake Altona ulichota mto huo huo upande wa chini, yaani baada ya maji kupokea choo cha Hamburg yote! Mtu angedhani Altona ndio wangeangamia. Kumbe wao waliyapitisha maji polepole katika mchanga, nao walisalimika kwa sehemu kubwa. Kwenye barabara ya mpaka, ugonjwa ulipiga upande mmoja ukauacha wa pili. Koch akaonyesha wazi kuwa tofauti ilikuwa maji.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kutibu malale. Dawa yake iliwapofusha baadhi ya wagonjwa, na jambo hilo halifai kufichwa. Alifariki mwaka 1910.

Ziwa lile sasa lina taabu ambayo mchanga wa Altona hauiwezi. Maji machafu ya Kampala hupita mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ya Murchison, na katika ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, mji huchota maji ya kunywa. Mchanga hukamata vijidudu, bali naitrojeni na fosforasi zitokazo chooni huyeyuka na kupita. Ni mbolea zile zile tuzitiazo kwenye kabichi na viazi hapa Lushoto, ila ziwani hulisha mwani. Maji hugeuka kijani. Mwani ukifa huoza, na kuoza humaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo huinyonya mbolea hiyo kabla haijafika ziwani, lakini sehemu kubwa ya kinamasi imekwisha kufyekwa na kulimwa magimbi.