Maria Sibylla Merian, mwanamke aliyewasubiri viwavi

Katika karne ya 17, wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba wadudu huzuka wenyewe kutokana na tope na uozo. Maria Sibylla Merian alitaka kujionea. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, akalelewa na baba wa kambo aliyekuwa mchoraji, na alipofikia umri wa miaka 13 alianza kuchunguza viwavi wa hariri.

Baadaye aligeukia viwavi wa porini, wakiwemo wale wenye manyoya, ambao watu huwakwepa kwa kuwa manyoya ya baadhi yao huwasha na kuvimbisha ngozi. Kumtambua kiwavi wa namna hiyo kwa kumtazama tu ni vigumu, kwani hubadilika sura kila anapojivua gamba. Merian alimchukua pamoja na majani ya mti aliomkuta, akamlisha majani hayo hayo, akaandika siku alipojifunga ndani ya kifukofuko, kisha akangoja nondo atoke. Pengine walitoka nzi au nyigu wadogo badala ya nondo, nao aliwachora. Kitabu chake cha mwaka 1679 kilikuwa na michoro 50, ikimwonesha mdudu na mmea anaoula.

Baada ya kuachana na mumewe alihamia Amsterdam. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alisafiri na binti yake Dorothea hadi Suriname, koloni la Waholanzi Amerika Kusini. Wenye mashamba walimcheka kwa kutafuta kitu kisichokuwa sukari. Waliomfaa ni watumwa wa Kiafrika na wenyeji asilia, waliomfyekea njia msituni na kumletea wadudu. Kutoka kwa wanawake hao watumwa alijifunza, akaandika, jinsi walivyotumia mbegu za mmea mmoja kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Hata hivyo majina yao hayamo kitabuni, na uzuri wa michoro haulifuti doa hilo.

Maradhi yalimrudisha Amsterdam mwaka 1701. Kitabu cha Suriname, chenye michoro 60, kilitoka mwaka 1705, na miongo kadhaa baadaye Carl Linnaeus aliitumia michoro yake alipowapa wadudu majina ya kisayansi. Merian alifariki dunia Januari 1717. Sura yake ilipamba noti ya mark 500 ya Ujerumani, hadi sarafu ya euro ilipochukua nafasi yake mwaka 2002.