Bertha Pappenheim: mkono mzima uliokataa kusogea

Msikilizaji wetu wa Kilimatinde na vijiji vyote vya Manyoni, bila shaka umewahi kusikia haya. Binti anaanguka shuleni, au mama anaamka mguu hausogei. Anapelekwa hospitali, vipimo vyote safi. Akirudi nyumbani maneno huwa mawili tu: amerogwa, au anajifanya. Mwaka 1962 huko Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 wa shule ya bweni ya wasichana walishikwa na kicheko na kilio hadi shule ikafungwa, na madaktari hawakuona ugonjwa mwilini mwao.

Lipo jibu la tatu, na leo tunalitafuta katika maisha ya mwanamke mmoja.

Bertha Pappenheim alizaliwa Februari 27, 1859 jijini Vienna, Austria, katika familia ya Kiyahudi yenye mali. Alikuwa na akili kali na alijua lugha kadhaa, lakini alipofika miaka 16 masomo yakakoma. Mdogo wake wa kiume akaendelea kusoma. Yeye akabaki nyumbani kudarizi na kungoja mume. Hapo najua wapo mnaotikisa kichwa.

Mwaka 1880 baba yake aliugua mapafu, na Bertha akawa anakesha usiku kumuuguza. Haikuchukua muda, naye akaanza: kikohozi kikali, makengeza, mkono wa kulia ukapooza. Kuna kipindi Kijerumani, lugha aliyozaliwa nayo, kilimtoka kabisa akawa anajibu kwa Kiingereza. Wakati wa joto kali alishindwa kunywa maji kwa wiki kadhaa, akawa anakula matunda tu ili apunguze kiu. Glasi ikigusa midomo, anaisukuma. Aprili 1881 baba alifariki, hali ikazidi kuwa mbaya.

Daktari Josef Breuer hakumwita mwongo. Alikuja mara kwa mara, akaketi, akamsikiliza. Kwa maelezo ya Breuer, Bertha alipokumbuka jambo lililoanzisha dalili fulani na kulisema pamoja na hasira yake yote, dalili ile ililegea. Kuhusu maji, alikumbuka siku alipomwona mbwa akinywa kwenye glasi ya mtu. Alichefukwa, akanyamaza kwa adabu. Alipolitoa moyoni aliomba maji, akanywa. Mwenyewe aliyafananisha mazungumzo hayo na kufagia masizi kwenye dohani.

Mwaka 1895 Breuer na Sigmund Freud walichapisha kisa hicho, wakamficha kwa jina la Anna O. na kumwonyesha kama aliyepona. Haikuwa rahisi hivyo. Julai 1882 alilazwa Uswisi akiwa na maumivu makali ya uso, tena ameshazoea mofini aliyopewa kama dawa. Alilazwa tena mara kadhaa hadi 1887. Wapo pia madaktari wa baadaye waliodhani alikuwa na kifafa au ugonjwa mwingine wa ubongo, na ndiyo maana mwili hupimwa kwanza. Lakini vipimo vikiwa safi, mgonjwa bado haigizi. Ubongo ndio unaouamuru mkono. Ukielemewa, amri huweza kupotea njiani bila mwenyewe kukusudia. Hali hiyo hutibika, na kumpeleka mtu kwa mtaalamu wa afya ya akili, hata iwe Mirembe pale Dodoma, si kumwita kichaa.

Mwaka 1888 Bertha alihamia Frankfurt, Ujerumani, pamoja na mama yake. Akaanza kugawa chakula kwa maskini, na 1895 akawa msimamizi wa nyumba ya wasichana yatima. Mwaka 1904 alianzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, akauongoza miaka 20. Alisafiri hadi Mashariki ya Kati kuchunguza biashara ya kuuza wasichana. Mwaka 1907 akafungua nyumba mjini Neu-Isenburg kwa mabinti waliozaa bila ndoa na watoto wao, wale ambao kwao walifukuzwa.

Alifariki humo Mei 28, 1936. Novemba 1938 wafuasi wa Hitler waliivamia nyumba hiyo na kuichoma moto.

Kuhusu miaka ya ugonjwa wake alikuwa msiri sana. Ilikuwa 1953 tu, katika kitabu cha maisha ya Freud, dunia ilipoambiwa kwamba Anna O. ndiye yeye. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi ikaweka sura yake kwenye stempu ya posta, kwa ajili ya kazi aliyowafanyia mabinti wale.