Ladi Kwali, Bibi Aliyeutia Mtungi Nakshi

Mfinyanzi hulia gaeni, husema watu wetu, na aghalabu husema kweli. Fundi wa vyungu huwapa majirani vyombo vizuri, naye mwenyewe akajipakulia chakula chake katika kigae kilichosalia. Lakini katika bara letu hili la Afrika ametokea bibi mmoja mfinyanzi, asiyepata elimu ya shule, ambaye sura yake imo mpaka leo katika noti ya nchi yake. Bibi huyo ni marehemu Ladi Kwali wa Nigeria. Twamweleza leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, wasomaji wengi wa Pwani hawajapata kumsikia. Ya pili, wale waliomsikia aghalabu wamesimuliwa maisha yake kichwa chini miguu juu, kana kwamba ustadi wake aliletewa kwa meli kutoka Uingereza.

Tuanze na jina. Ladi ni jina la Kihausa apewalo mtoto wa kike aliyezaliwa siku ya Jumapili. Wahausa, kama sisi, walichukua majina ya siku kutoka Kiarabu. Ila sisi tulichukua Alhamisi na Ijumaa tu, nyingine tukazihesabu kwa hesabu yetu, ilhali wao walizichukua zote saba. Jumapili yao ni Lahadi, yaani al-ahad, na kutoka hapo ndipo lilipotoka jina la Ladi, kama vile kwetu tulivyo na akina Juma na Khamisi. Kwali nacho ni kijiji alikozaliwa, kiasi cha mwaka 1925, katika nchi ya Wagwari katikati ya Nigeria.

Kwa Wagwari, kufinyanga ni kazi ya wanawake. Ladi alifunzwa angali mdogo, na mwalimu wake alikuwa shangazi yake. Hakuna kitabu kilichofunguliwa. Mtoto hukaa kando, akatazama mikono ya mkubwa wake, akapewa donge dogo achezee, na siku moja likawa si mchezo tena. Sisi tuliosomea chuoni kwa ubao na wino tunaifahamu elimu ya namna hii: mwalimu huandika juu, mwanafunzi hufuatisha chini, mpaka mkono wa mwanafunzi ukashika mwendo wa mkono wa mwalimu.

Mtungi wao hawaufinyangi kwa gurudumu. Fundi huchukua donge la udongo uliokandwa, akalitia ngumi katikati hata likafanya shimo, kisha akapandisha kuta kwa kuongeza kamba nene za udongo, moja juu ya mwenziwe, akizibinya na kuzilainisha zisionyeshe maungo. Udongo hauzunguki, azungukaye ni fundi. Ladi alikuwa akitembea kinyumenyume kuuzunguka mtungi, ameinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje, na kuta zikipanda sawa pande zote. Baadaye huzigonga kwa kibao bapa na kuzikwangua zikawa nyembamba. Tumbo la mtungi likavimba, bega likainama, shingo ikasimama.

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyomtoa katika wenziwe, nayo ni nakshi. Msomaji asidhani kuwa nakshi hii ni rangi ipakwayo chombo kilichokwisha kuchomwa. La, hutiwa katika udongo wenyewe kabla ya moto, na wakati wake ni mfupi. Udongo upatilize ungali maji, waliusia wazee, lakini hapa hata maji yana kipimo. Ukiwa laini mno, mstari hujifumba na mtungi hubonyea chini ya kidole. Ukikauka kupita kiasi, ncha huparuza na kumega kingo. Fundi hungojea mpaka udongo uwe mgumu kiasi cha mche wa sabuni, ndipo huchora, na huchora bila kukawia kwa kuwa jua halimngoji.

Alikuwa na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuviringisha. Huchukuliwa uzi uliosokotwa, au kijiti kilichochongwa meno, ukaviringishwa kwa kiganja juu ya udongo, ukaacha safu ya alama ndogondogo kama mshono wa kofia. Safu hizo huupiga mtungi mishipi ya kwenda mzunguko, na pengine hushuka wima zikaugawa katika vyumba. Njia ya pili ni kuchora kwa ncha kali. Ndani ya vyumba vile Ladi aliwachora mijusi, mamba, nge, vinyonga, nyoka, ndege na samaki, kila mmoja kwa mistari michache, mwili wake umejazwa vipande vya mistari iliyolala na iliyosimama. Tukumbuke kuwa mtungi hauna mwanzo wala mwisho kama ukurasa wa karatasi. Mshipi ulioanzia hapa sharti urudi ukutane na mkia wake, na vyumba vitoshane bila mmoja kubanwa. Hili ndilo linalompambanua fundi na mwanafunzi, na katika mitungi ya Ladi kukutana huko huwezi kukuona ulipo.

Najua wako wasomaji watakaouliza juu ya sura za viumbe. Ikhtilafu ya wanavyuoni katika jambo hilo ni ndefu, na ukurasa huu si mahali pake. Nitasema tu kwamba michoro ile ni mistari iliyokwaruzwa katika udongo, isiyokuwa na kivuli, na kwamba Amiri Mwislamu hakuona tabu kuiweka katika nyumba yake, kama tutakavyoona punde.

Kadhalika tusidhani kuwa fani hii ni ya huko Magharibi pekee. Walipochimba wataalamu katika magofu ya Shanga kisiwani Pate, na kwingineko katika Pwani yetu, walikuta vigae vya vyungu vya karne ya 8 na ya 9 vilivyochorwa safu za pembetatu shingoni kwa ncha kali, kabla ya kuchomwa. Mabibi wa zamani wa Pate na bibi wa Kwali wasingalisikilizana kwa lugha, lakini mkono ungalitambuana.

Mitungi ya Ladi ilinunuliwa na kusifiwa katika nchi yake, na baadhi yake ikafika katika kasri ya Amiri wa Abuja, Alhaji Suleiman Barau, aliyetawala tangu 1944 hata 1979. Abuja hii siyo mji mkuu wa leo. Ni mji mkongwe wa Kihausa ambao tangu 1976, serikali ilipolichukua jina lake kwa ajili ya mji mkuu mpya, umeitwa Suleja. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa imemwajiri Mwingereza Michael Cardew, mfinyanzi mwenye jina kubwa kwao, aje kuendeleza ufinyanzi Nigeria. Cardew alipoingia katika kasri ile aliikuta mitungi ya Ladi imekwisha pangwa, nayo ikamshangaza. Hapa ndipo penye fundo la kisa. Husemwa kuwa Cardew ndiye aliyemgundua Ladi Kwali. Haijulikani vipi mtu agunduliwe ilhali chombo chake kimo katika nyumba ya mtawala. Wateja wake walikuwa wakimjua, na Amiri alikuwa akimjua.

Cardew alifungua kituo cha mafunzo ya ufinyanzi hapo Abuja mwaka 1952. Wanafunzi wake walikuwa wanaume, wakifunzwa kufinyanga kwa gurudumu vikombe, birika na sahani zenye kung'aa. Wanawake, ambao ndio wenye kazi hiyo tangu jadi, hawakuwamo. Mwaka 1954 Ladi akaingia, mwanamke wa kwanza, na hakuingia akiwa mtupu. Aliingia na ujuzi ambao humo ndani hakuna aliyekuwa nao, si mwanafunzi wala mwalimu.

Alilolipata kituoni ni moto mwingine. Huko kijijini mitungi huchomwa uwanjani, imefunikwa kuni na majani makavu, na moto wake ni mwepesi. Kituoni kulikuwa na joko la kuni lililojengwa, lenye kupanda hadi kiasi cha nyuzi 1,300 za Selsiasi, moto unaougeuza udongo ukawa kama jiwe. Kabla ya kuingizwa humo, chombo huvikwa maji mazito ya mawe na majivu yaliyosagwa, ambayo moto huyayeyusha yakawa ngozi ya kioo. Ngozi iliyoipendeza zaidi mitungi ya Ladi ilikuwa ya kijani kilichofifia, mfano wa vile vigae vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa Gedi.

Kila fundi anajua hatari iliyokuwapo. Ngozi nzito ya kioo huizamisha michoro kama maji yanavyozamisha nyayo mchangani. Ladi hakuiacha nakshi yake izame. Aliijaza mistari kwa uji wa udongo mweupe, akakwangua uliomwagika nje, ukabaki ndani ya mistari peke yake. Na joko lilipofunguliwa, mjusi na nge walitokeza weupe chini ya kijani. Alijifunza gurudumu pia, akafinyanga bakuli ndogo, akazichovya katika uji wa udongo mwekundu au mweupe, kisha akachora kwa mwiba wa nungunungu akiukwaruza uji ule hata udongo wa ndani ukaonekana. Vyombo vilibadilika, na moto ukabadilika, lakini mchoro ni ule ule aliofunzwa na shangazi yake.

Hata hivyo, katika kubadilika huko kuna kitu kilitoweka, na waandishi wengi waliomsifu hawakukitaja. Mtungi uliochomwa kwa moto mwepesi una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya kidogokidogo, mtungi ukatoka jasho, jasho likakauka kwa upepo na kuondoka na joto, na maji yaliyosalia yakawa baridi. Nani katika sisi wenye umri asiyekumbuka kata ya kwanza ya maji ya mtungi uliofukizwa ubani, baada ya kutoka juani? Chombo kilichogeuka jiwe na kuvikwa kioo hakitoki jasho. Kwa hivyo mitungi mashuhuri ya Ladi Kwali, ile iliyomo katika majumba ya makumbusho, ina umbo la mtungi wa maji, shingo ya mtungi wa maji na nakshi ya mtungi wa maji, lakini haipozi maji. Imekuwa pambo. Simlaumu bibi huyu, maana mnunuzi wa London hakuwa akitafuta maji baridi, na pambo hilo ndilo lililompatia riziki na jina. Lakini haifai kusema kuwa joko jipya lilimwongezea tu bila kumpunguzia.

Vyombo vya Abuja vilionyeshwa London, katika jumba la Berkeley Galleries, mwaka 1958, tena 1959 na 1962. Nigeria ilipopata uhuru mwaka 1960 kazi zake ziliwekwa katika maonyesho ya sherehe. Mwaka 1962 Waingereza wakamtunuku nishani ya MBE. Alikwenda Uingereza, akafinyanga mbele ya watu waliozoea kuona udongo ukizungushwa kwa gurudumu, nao wakashangaa kumwona mama mzima akizunguka kinyumenyume kama mwenye kucheza ngoma, na mtungi ukiota mbele yao. Mwaka 1972, miaka saba baada ya Cardew kuondoka Nigeria, walisafiri pamoja Marekani, wao na mfinyanzi Kofi Athey wa Ghana, wakipita mji hadi mji kuonyesha kazi. Makofi yalikuwa mengi. Sijui ni wangapi kati ya waliopiga makofi waliofahamu kuwa huko Kwali mwendo ule si onyesho. Ni kazi ya kila asubuhi ya wanawake wenye mji.

Baada ya yeye kufungua mlango wa kituo, wanawake wengine walifuata, miongoni mwao Halima Audu na Asibi Ido. Hilo naliona kubwa kuliko nishani. Kazi ya wanawake ilikuwa imechukuliwa na kufunzwa wanaume, na ni Ladi aliyewarudisha wenyewe kwenye udongo wao.

Heshima za nyumbani zilichelewa kidogo, kisha zikaja kwa mfululizo. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello cha Zaria kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, yeye ambaye hakuketi darasani. Mwaka 1980 alipewa tuzo ya taifa ya Nigeria kwa wataalamu waliotukuka, na mwaka 1981 nishani ya daraja la Ofisa katika nishani za Mto Niger. Kituo cha Abuja nacho kikapewa jina lake.

Cardew alifariki mwaka 1983. Ladi Kwali alifariki mjini Minna tarehe 12 Agosti 1984, akiwa na umri upatao miaka 60.

Noti tuliyoitaja hapo mwanzo ni ya naira 20, iliyotolewa kwa sura mpya mwaka 2007. Upande wa mbele yuko Jenerali Murtala Muhammed. Upande wa nyuma yuko Ladi na mtungi wake. Noti yenyewe ni ya plastiki, haipenyi maji. Siku hizi thamani yake imeshuka sana, na kwa hiyo huipati kwa matajiri. Iko mikononi mwa watu wa sokoni.