Lever na sabuni iliyopungua aunsi moja

Mwenye duka anayekata mche wa sabuni anaijua kazi aliyoanza nayo William Hesketh Lever. Alizaliwa mwaka 1851 mjini Bolton, Uingereza, na mwaka 1867 aliingia katika duka la baba yake, akikata miche ya sabuni na kufunga vipande kwenye karatasi.

Wakati huo mnunuzi hakujua sabuni imetengenezwa na nani. Wiki hii kipande kinatoa povu, wiki ijayo kinayeyuka ovyo. Mwaka 1884 Lever akasajili jina Sunlight. Mwanzoni alipikiwa na wengine, lakini mwaka 1885 akakodi kiwanda Warrington apike mwenyewe, akitumia zaidi mafuta ya mimea. Kila kipande kilifungwa tayari kwa uzito uleule, na aliahidi pauni 1,000 kwa atakayethibitisha kuwa sabuni hiyo imechanganywa na uchafu. Mwaka 1888 akaanza kujenga Port Sunlight, kiwanda pamoja na nyumba za wafanyakazi.

Kung'ang'ania jina hapo kulikuwa na maana. Mama wa nyumbani mwenye senti chache hakuwa na nafasi ya kujaribu sabuni mbovu.

Mwaka 1906 malighafi zikapanda bei. Wateja walikuwa wamezoea kipande cha peni 3, na Lever hakutaka kuigusa bei hiyo. Akapunguza uzito, kutoka aunsi 16 hadi 15, yaani pungufu ya gramu 28 hivi. Wakati huohuo alikuwa akiungana na wenye viwanda wenzake kulishika soko. Magazeti, Daily Mail likiwa mbele, yakamvaa. Wateja waliodhaniwa ni wa kudumu wakahamia sabuni nyingine, mauzo yakaporomoka, na mwezi Novemba muungano ukavunjwa.

Mchezo huo hata sisi tunaujua: pakiti ileile, bei ileile, gramu zimepungua, na anayelaumiwa ni mwenye duka.

Kusema haki, magazeti nayo yalitia chumvi. Lever alishitaki, na mwaka 1907 Daily Mail likakubali kumlipa pauni 50,000.

Jina pia halisemi kila kitu. Kuanzia mwaka 1911 kampuni yake ilipewa maeneo makubwa ya michikichi Kongo, chini ya utawala wa Wabelgiji, ambako watu walilazimishwa kuvuna ngazi za chikichi. Karatasi ya sabuni haikuwa na habari hiyo.

Lever alifariki mwaka 1925. Kampuni yake iliungana na Waholanzi wa siagi ya mimea, na Unilever ikaanza kazi mwaka 1930. Jina Sunlight bado liko madukani, ila katika nchi nyingine limebandikwa kwenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Anayeinunua kwa kuwa bibi yake aliiamini anapata kitu kingine kabisa, na uzito wake itabidi ausome upya.