Bwana Derek Bryceson, Rubani Aliyeanguka

Wazee wa Bariadi walimjua mtu huyu kwa jina, kwa kuwa hapo zamani mambo ya pamba yao yalikuwa chini ya wizara yake, na baadaye mbuga ya Serengeti, jirani yetu, iliwekwa mkononi mwake.

Alizaliwa China mwaka 1922, wazazi wake wakiwa Waingereza. Vita Kuu ya Pili ilipokuja aliingia jeshi la anga la Uingereza, akawa rubani wa ndege za vita. Kazi hiyo haikudumu. Huko Mashariki ya Kati ndege yake ilianguka. Akatoka hai, lakini uti wa mgongo umeumia na miguu haina nguvu. Waganga wakamwambia kwamba hatatembea tena.

Neno hilo hakulikubali. Alijifunza kwenda kama mtoto ajifunzavyo, pole pole, kwa kuanguka na kuinuka. Mguu mmoja ulikuwa na nguvu kidogo. Wa pili aliurusha mbele kwa nyonga, akiegemea bakora. Ndivyo alivyotembea siku zake zote. Naye, ambaye angeweza kutafuta kazi ya kuketi, akachagua kilimo! Alisoma elimu hiyo Cambridge, akaja Kenya, kisha Tanganyika, akalima karibu na Kilimanjaro.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 sheria ya serikali ya kikoloni ilimtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU ilimkubali Bryceson, akashinda, na mwaka 1959 akawa waziri. Baada ya Uhuru akashika kilimo.

Lakini naona jaribu lake kubwa lilikuja 1965. Nafasi zile za rangi zilikuwa zimekwisha kufutwa. Bryceson alisimama Dar es Salaam kushindana na Mwafrika wa chama kile kile cha TANU, mbele ya wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika, wala hapakuwa na sheria ya kumlinda. Walimchagua kwa kura nyingi mno. Katika uchaguzi huo huo, Paul Bomani, waziri wa fedha, Msukuma aliyejenga ushirika wa pamba, alishindwa huku upande wa ziwa. Basi watu hawakutazama ngozi, wala hawakumwonea haya mkubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawa mkuu wa hifadhi za taifa. Kazi hiyo haina sifa nyingi mpakani. Mwenye ng'ombe aliyekatazwa malisho hampendi mkuu wa hifadhi, hata akiwa mtu mwema, na sisi wa Simiyu twalijua hilo.

Mwaka 1974 alianguka tena na ndege, safari hii akienda Ruaha, kwa kuwa pundamilia walijaa uwanjani. Akaokoka, pamoja na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, naye akamwoa mwaka 1975. Mwaka huo huo waasi kutoka Zaire waliwateka wanafunzi wanne huko Gombe, nao wageni wakaondolewa. Bryceson akamsaidia mkewe kuiendeleza kazi kwa mikono ya Watanzania wenyewe.

Alikufa kwa ugonjwa wa saratani Oktoba 1980, akitibiwa Ujerumani. Majivu yake yaliletwa nyumbani, yakamwagwa katika Bahari ya Hindi, ambamo alipenda kuogelea, kwa kuwa majini hakuhitaji bakora.