Mfalme Aliyetoa Bila Kulazimishwa

Wako wasemao kwamba haki ni jambo la nyumbani tu, na kwamba baina ya taifa na taifa hutawala nguvu na faida. Sisi hatukubali, na shahidi wetu ni Louis wa Tisa, Mfalme wa Ufaransa.

Alizaliwa mwaka 1214, akarithi kiti angali na miaka 12, akilelewa na mama yake Blanche. Mwaka 1242 alimshinda Henry wa Tatu wa Uingereza huko Taillebourg. Hata hivyo, kwa mapatano ya Paris ya mwaka 1259, alimpa Henry nchi kadha pande za Limoges, Cahors na Périgueux. Henry naye aliacha madai yake juu ya Normandy na Anjou, akamkiri Louis kuwa bwana wake kwa nchi alizobaki nazo Ufaransa. Washauri walinung'unika, wakiona si busara kutoa bila kulazimishwa. Lakini mfalme alikumbuka kwamba wake zao ni ndugu wa tumbo moja, akataka watoto wao wapendane. Amani ile ilidumu hata mwaka 1294.

Hatusemi kwamba hakukosa. Alipeleka vita Misri, akatekwa mwaka 1250. Akafa Tunis mwaka 1270, akiwa vitani tena. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1297.

Basi, wazazi, tusomapo habari za mataifa pamoja na watoto wetu, tusiwafundishe kumsifu mshindi tu. Haki ya mwenye nguvu hujulikana pale awezapo kuchukua, asichukue.