Charles Darwin na Undugu wa Binadamu

Wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli wanawafahamu mbuna, samaki wadogo wa miambani katika Ziwa Nyasa. Jike huatamia mayai yake kinywani, naye hujinyima chakula mpaka awaachilie watoto watoke kinywani. Je, tendo hilo lina uhusiano gani na mapenzi ya mama wa Mbinga kwa mwanawe? Mtu aliyetufungulia njia ya kuuliza swali kama hilo ni Charles Darwin, Mwingereza ambaye ziwa hili hakulifikia kamwe.

Darwin alizaliwa mwaka 1809. Alipokuwa mwanafunzi mjini Edinburgh, alifundishwa kuhifadhi ngozi za ndege na John Edmonstone, mtu mweusi aliyepata uhuru baada ya utumwa wa Guyana. Mwaka 1831 alisafiri kwa merikebu Beagle, na huko Brazil aligombana na nahodha wake juu ya uovu wa utumwa. Mwaka 1859 alieleza kwamba viumbe hutofautiana, na wale wanaoyamudu mazingira yao huzaa zaidi na kurithisha tabia zao.

Baadaye alipeleka maswali pande nyingi za dunia: je, watu huonyeshaje furaha, hofu na hasira? Miongoni mwa waliomjibu alikuwa Christian Gaika, Mwafrika, ndugu yake Chifu Sandilli wa Waxhosa. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 Darwin alisema kwamba nyuso za mataifa yote huonyesha hisia hizo kwa namna moja, kwa sababu asili yetu ni moja. Mwenye ghadhabu anayefunua chonge, alieleza, amerithi desturi ya wahenga wa kale waliopigana kwa meno.

Darwin hakuepukana na kiburi cha zama zake. Aliandika kana kwamba yako mataifa ya juu na ya chini. Wabaguzi walilishika neno hilo, wakauacha ushahidi wake mwenyewe uliowasuta.

Alifariki mwaka 1882. Funzo lake kwetu ni kwamba hasira na woga ni urithi, lakini urithi si amri. Huruma na kusaidiana pia tumevirithi, kama alivyoonyesha mwaka 1871. Basi kiongozi au mfanyakazi asijitetee kwamba ukali ndiyo maumbile yake. Yatupasa kuchagua ni urithi upi tuutumie katika kuijenga nchi.